Mabenchi ya Kilio

Symphorien aligombana na mtaa mzima wa Kikula, mjini Likasi, Kongo, kwa sababu ya mabenchi. Mtu wa mbali akiambiwa hivyo atacheka. Mtu wa Likasi hacheki, maana anajua benchi ni nini siku ya msiba.

Alikuwa directeur, yaani mwalimu mkuu, wa shule moja ya msingi nyuma ya soko, mwanamume mrefu, mkavu, suruali yake imepigwa pasi hata siku ambazo nyumbani hakukuwa na makaa ya kupikia. Alikuja kutoka Kakanda akiwa bado mwalimu kijana, akafundisha miaka mingi bila mtu kumsema vibaya. Walipompa ofisi na funguo, mambo yakaharibika. Zile funguo hazikukaa mfukoni hata siku moja. Alitembea nazo mkononi, zikilia, na watoto walizisikia kabla ya kumwona wakajua pa kukimbilia. Baadaye hata wazazi wao walijifunza kukimbia.

Sasa, Kikula mtu akifa, watu hukusanyika katika lubanza, yaani ua wa nyumba ya marehemu, wakakaa hapo mpaka kilio kiishe. Wanakuja majirani, wanakuja watu wa parokia, wanakuja wale waliofanya kazi na marehemu, na hata wasiomjua vizuri wanakuja, kwa sababu na wao watakufa. Nyumba ya mtu wa Kikula ina viti vichache, na kimoja kati ya hivyo kina mguu mbovu. Basi tangu zamani vijana walikuwa wakienda shuleni, wanabeba mabenchi kichwani, na kilio kikiisha wanayarudisha. Directeur wa zamani, mzee Barthélemy, hakuwa hata akiombwa. Akisikia wanawake wanalia upande fulani, alikwenda mwenyewe kufungua mlango, kisha akawafuata vijana nyuma ili naye akaketi na wafiwa.

Na kwa nini aombwe? Shule ile haikushuka kutoka mbinguni. Nyakati za salongo, ile kazi ya umma ya lazima, kila Jumamosi, akina baba wa mtaa walifyatua matofali na kupandisha kuta kwa mikono yao. Salongo ilikuwa amri, wengi waliifanya huku wamenuna, lakini kuta zilipanda. Gaston seremala ndiye aliyetengeneza mabenchi yote, moja moja, pale uani pake, na mkewe akiwapa maji wasaidizi wake. Kwa hiyo machoni pa mtaa yale yalikuwa mabenchi yao, na watoto waliazimwa tu.

Kisha nchi ikaanguka. King'ora cha karakana za Panda, kilichokuwa kikiwaamsha watu wote wa Likasi, kilianza kulia kwa kusitasita, halafu kikanyamaza. Akina baba waliketi nyumbani mchana kutwa wakiangalia mikono yao. Dawa ziliadimika, chakula kikawa mara moja kwa siku, na vifo vikaingia nyumba hata nyumba. Mabenchi yalikuwa yakitoka kwenye kilio hiki yanaingia kwenye kilio kile bila kupita shuleni. Yalirudi yamevunjika miguu. Mengine hayakurudi, kwa sababu moto wa kilio unataka kuni, na mtu mwenye baridi haulizi kuni hiyo ilikuwa nini jana. Watoto wa mwaka wa kwanza wakaanza kuketi juu ya matofali, daftari magotini, wakiandika herufi zilizopinda kama wao wenyewe walivyopinda.

Hapo, tuseme haki, Symphorien hakuwa na kosa kukasirika. Mwalimu yeyote mwenye moyo angekasirika. Alichukua chuma, akakitia motoni, akachoma alama ya msalaba chini ya kila kikalio, mahali ambapo mtu haoni mpaka aligeuze benchi. Kisha akanunua kufuli kubwa. Alichokosa ni ulimi wa kuongea na watu. Mtu angeweza kuwaita wazazi akawaeleza, na alijaribu, lakini mwito wake uliandikwa ubaoni langoni kama hukumu: wezi wa mali ya shule watajulikana. Siku ya mkutano alikuja Idi peke yake, mfanyabiashara wa chumvi na samaki wakavu, ambaye watu wake walitoka mashariki, upande wa Maniema. Idi aliketi mbele kabisa, akangoja, akatazama viti vitupu, akaomba ruhusa ya kwenda kuswali.

Aliyekuwa akimwokoa Symphorien ni mkewe Berthe. Mama huyu alikuwa akikaanga mikate ya mafuta pale sokoni, na hakukuwa na kilio alichokosa. Hakusubiri kuitwa. Alifika, akavua viatu, akashika sufuria lililo chafu kuliko yote akaanza kulisugua, ndipo akauliza nani amekufa. Watu walimchukia mume, wakamsalimu kwa ajili ya mke. Mara nyingi Berthe alimwambia mambo yale yale jioni, wakila bukari, ule ugali wa kwao.

"Weye uko na funguo," alisema. "Minye niko na bantu. Siku moya utaona nini inafungulaka mulango."

"Batoto banaikala ku matofali, Berthe."

"Naona. Na bantu nao banaona. Lakini weye unabasemesha sawa banyama."

Symphorien alimeza tonge lake. Hakuwa mtu wa kujibizana na Berthe, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu alijua anasema kweli.

Mwaka huo Gaston alifiwa na binti yake, Chérie, mtoto wa mwaka wa tatu pale pale shuleni, aliyekuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa kucheka. Homa tu, ile ile inayotibika kwa vidonge, kama vidonge vingekuwapo. Gaston alikuja mwenyewe ofisini, kofia mkononi.

"Directeur, tuko na kilio. Bantu banakuya na pa kuikala hakuna."

Symphorien alisimama, akampa mkono wa pole kwa mikono miwili. Alikuwa na uchungu kweli kweli, maana alimjua yule mtoto. Akafungua kufuli, akatoa mabenchi manne, akasema, "Lakini yarudie kesho, papa Gaston. Tafazali."

Yalirudi matatu. Mtu mwingine angesubiri. Symphorien hakusubiri. Siku ya pili baada ya mazishi aliingia katika lubanza ya Gaston, funguo zikilia, watu wangali wameketi chini kwenye mikeka, akauliza mbele ya wote benchi la nne liko wapi.

Gaston aliinua uso.

"Nilitafuta mbao ya sanduku," alisema. "Kikula yote. Nikafika mpaka Panda. Hakuna. Minye fundi wa mbao, Directeur, na sikukuwa na mbao ya kuzika mutoto yangu. Banc yako iko ku makaburi. Chérie iko ndani."

Hapo ndipo mtu mwenye akili anavua kofia, anaketi chini na kufunga mdomo. Hata mpumbavu angefunga mdomo. Symphorien alitaka kuketi, miguu ikakataa mbele ya macho yale yote, na mdomo ukatoa kile ulichozoea kutoa.

"Naelewa uchungu yako, papa Gaston. Lakini batoto ya mwaka ya tatu banaikala chini. Utatengeneza ingine."

Mwanamke mmoja alitema mate mavumbini, karibu na kiatu chake. Symphorien alitoka, na nyuma yake hata watoto hawakukimbia, walisimama tu wakimtazama.

Tangu siku ile uadui ukawa wazi. Mabenchi yalianza kuondoka bila kilio chochote. Leo dirisha limevunjwa, kesho bawaba za mlango zimeng'olewa, na asubuhi darasa jingine liko tupu. Hayakuchukuliwa kwa ajili ya kuni wala masanduku, na kila mtu alilijua hilo. Yalichukuliwa ili yeye ayakose. Akipita njiani, mazungumzo yalikatika. Akisalimu, "Yambo," watu walijibu wakiangalia pembeni. Mtu fulani alimchorea kufuli kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yake, kubwa kama mlango. Berthe alilifuta kwa kitambaa chenye maji, kisha akaenda kwa mke wa Gaston kumfagilia ua, kama alivyokuwa akifanya kila juma tangu Chérie azikwe.

Halafu Berthe naye akaugua. Alisema ni kichwa, akaenda sokoni. Siku iliyofuata alisema ni kichwa na baridi, akalala. Zaina, mke wa Idi, rafiki yake wa sokoni, alikuja kumkanda kwa maji ya moto, akamnywesha dawa za majani, akamtuma Tina, binti wa Berthe, huku na huku kutafuta vidonge. Vidonge vilipopatikana, Berthe hakuwa tena na nguvu ya kuvimeza. Alikufa alfajiri ya Jumamosi, na Zaina ndiye aliyemfumba macho.

Symphorien aliketi kwenye kizingiti cha nyumba yake. Alikuwa na uchungu usio na mahali pa kuushika, na ndani ya uchungu huo mlikuwa na hofu moja ambayo aliionea aibu: lubanza tupu. Alijua alichokipanda mtaani. Mtu asiyezikwa na watu, Likasi, ni kama hakuwa mtu. Nani atachimba kaburi? Nani atabeba? Berthe, aliyesugua masufuria ya kila nyumba, atazikwa na mume na binti peke yao, kwa sababu ya yule mume. Tina alikuwa akifagia ua huku analia, na kila baada ya hatua chache alisimama akatazama njiani.

Wakaja.

Wanawake walitangulia, vitenge vimefungwa kiunoni, mmoja na makaa, mwingine na unga, mwingine na sufuria. Waliingia moja kwa moja ndani alikolala Berthe, na kilio kikapanda mpaka watu wa sokoni wakageuka. Ikaja habari kwamba vijana wa mtaa wako makaburini tangu jua lichomoze, wanachimba. Kisha wakaja wanaume, na Gaston mbele yao, na vichwani mwao walikuwa wamebeba mabenchi. Yalikuja mengi, mawili mawili, yakashushwa taratibu, yakapangwa kuuzunguka ua, na wanaume wakaketi. Hakuna aliyemtazama Symphorien usoni, lakini wote walikuwapo.

Furaha ilimpiga kifuani mpaka akashika ukuta. Kwa muda mfupi alitaka kuwashukuru mmoja mmoja. Ndipo akayatazama yale mabenchi. Aliyajua. Aliijua ile mbao nyekundu yenye ufa, aliujua ule mguu uliofungwa kwa waya na mwalimu Dominique, alimjua hata mtoto aliyechonga jina lake kwa msumari pale pembeni. Yote yalikuwa nyumbani kwao, mwaka mzima, yanakaliwa na kuku, na watoto wa mwaka wa kwanza wanaandika magotini. Na leo wanayaleta hapa, mbele ya maiti ya mke wake, wanayakalia mbele ya macho yake. Wananicheka, aliwaza. Wamechagua siku ambayo siwezi kusema.

Lakini aliweza. Alitembea mpaka kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi pembeni, akamwomba asimame, akaligeuza benchi. Ule msalaba wa kuchomwa ulikuwa pale pale.

"Iyi ni ya masomo," alisema. Akaligeuza la pili. "Iyi pia ni ya masomo. Na ile. Mwaka muzima mulikuwa nazo mu manyumba yenu!"

"Baba," Tina alisema. "Baba, acha."

Gaston alijibu bila kuinuka. "Leo tulizileta, Directeur."

"Mulizileta kwa kunicheka!"

"Tulizileta ju ya Berthe."

Kama angekuwa na masikio, hapo pangemtosha. Wale watu walikuwa wameyatoa mafichoni, mbele ya mwenye mali, wakijua atayajua. Hakuna namna kubwa kuliko hiyo ya kumheshimu mtu. Lakini Symphorien alikuwa ameshapanda, na hakujua pa kushukia.

"Basi hazitoke tena," alisema. "Kilio ikiisha zote zinaenda ku masomo, na majina yenu nitayapeleka kwa chef ya mtaa, moya moya."

Ndani ya nyumba wanawake waliacha kulia ili wasikie. Gaston aliinuka. Alijipangusa suruali nyuma kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyeketi mahali pachafu.

"Kwa nini tungoje iishe?" alisema. "Banc zako hizi. Ikala weye."

Akatoka. Wakamfuata wote, mmoja mmoja, bila kelele. Kisha wakatoka wanawake. Mke wa Gaston alisimama kidogo mbele ya Tina, akamshika shavu, akaenda. Waliacha makaa, waliacha unga, waliacha hata masufuria yao motoni. Lubanza ilibaki imejaa mabenchi, safi, yamepangwa vizuri, na hakuna mtu juu yake. Symphorien alikuwa ameyapata yote.

Zaina alitoka ndani, akamkuta amesimama katikati. "Minye sibakii hapa ju yako," alimwambia. "Rafiki yangu iko ndani. Nitamungojea mpaka atoke." Akatandika mkeka, akaketi chini. Benchi hakuligusa.

Idi alileta gari lake dogo la mizigo, lenye harufu ya samaki ambayo haikutoka hata lilipooshwa. Idi, Symphorien, mwalimu Dominique na mwalimu mwenzake ndio walioinua sanduku. Makaburini walikuta kaburi tayari, limechimbwa vizuri, kuta zake zimenyooka, na hakuna mchimbaji hata mmoja. Habari ilikuwa imefika kabla yao. Vijana walimaliza kazi ya Berthe, wakachukua makoleo yao, wakaacha moja tu, limechomekwa kwenye udongo. Padri aliomba haraka. Symphorien alishika lile koleo mwenyewe, na udongo ule mwekundu ulikuwa mwingi, na Tina hakumsaidia. Tina hakusema naye tena mpaka walipofika nyumbani, na huko pia alisema machache.

Jumatatu mabenchi yote yalikuwa madarasani. Dominique na mwenzake waliyabeba, wamenuna. Symphorien alipiga kengele, akasimama langoni. Alikuja mtoto wa Idi, na watoto wachache wa upande wa pili wa barabara kuu, wasiojua kilichotokea. Mtaa uliwazuia wengine wote. Wengine walipelekwa shule nyingine mbali, wengine walibaki nyumbani wakiuza maji na mahindi ya kuchoma, na mama zao wakaona heri hivyo. Juma likapita, likaja jingine. Alikuwa na kikalio kwa kila mtoto, kwa mara ya kwanza tangu apewe funguo, na alipita darasa hadi darasa akisikia viatu vyake mwenyewe. Alijua sasa kwamba shule inakufa, na kwamba yeye ndiye anayeiua. Alijua pia kwamba akienda kuomba radhi kwa mdomo ule ule, mdomo utamharibia tena.

Kisha akafa mzee Barthélemy, yule directeur wa zamani.

Symphorien alisikia wanawake wakilia upande wa nyumba ya mzee, njia ya pili. Akainuka, akafungua kufuli la darasa la kwanza, la pili, yote. Akaegemeza milango kwa mawe isijifunge. Akaketi ofisini akingoja vijana waje, hata wakija na matusi. Atawaambia chukueni tu, atawasaidia kubeba. Asubuhi ikapita. Jua likapanda. Hakuja mtu. Hatimaye alikwenda mwenyewe mpaka kona, akachungulia. Lubanza ya mzee Barthélemy ilikuwa imejaa watu mpaka njiani, na wote, wazee kwa vijana, walikuwa wameketi juu ya matofali.

Alirudi shuleni. Aliziacha funguo mezani. Akaingia darasa la kwanza, akainua benchi, akaliweka kichwani. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, hakuwahi kulibeba. Alitembea nalo katikati ya njia, shati jeupe likiingia vumbi mabegani, na watu walitoka milangoni kumtazama. Hakuna aliyemcheka na hakuna aliyempokea. Alilishusha mbele ya wazee, hakusema kitu, akarudi kuchukua la pili. Aliporudi nalo, la kwanza lilikuwa vile vile, tupu. Akaleta la tatu. Akaleta jingine. Shingo ilimuuma, jasho likamwingia machoni, na wale watu waliendelea kuongea wao kwa wao kana kwamba pale paliposimama mabenchi hapakuwa na kitu.

Alipochoka kabisa alisimama katikati, kama siku ile uani pake. Gaston alikuwa karibu na miguu yake, ameketi juu ya tofali, anaangalia chini.

"Directeur," Gaston alisema bila kuinua uso. "Unafunika jua. Ikala."

Kando ya Gaston palikuwa na tofali moja halina mtu. Symphorien aliinama, akaketi juu yake, magoti yakamfika kifuani kama ya mtoto wa mwaka wa kwanza. Hakuna aliyempa pole, hakuna aliyemsogelea. Alikaa hivyo, ameinamisha kichwa, mgongo ukimuuma.

Baada ya kitambo, bibi mmoja mzee aliguna, akashika bega la mjukuu wake, akainuka kutoka kwenye tofali lake akaenda kuketi kwenye benchi.